Watazama Mbingu na Wawe na Baraza Lao



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona dogo, nalo si dogo. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wako vijana, na wazee pia, wapendao kuutazama mwezi na nyota kwa mapenzi yao tu, bila ya mshahara wala cheti. Twataka kuwashauri watu hao wajifanyie baraza, na baraza hilo liwe na msimamizi na kanuni zake. Lakini kabla hatujaeleza namna ya kulifanya, yafaa tueleze kwanza kilichotufanya tushike kalamu.

Jioni ya tarehe 29 ya Ramadhani, mwaka mmoja si wa mbali, tulikuwa wageni wa nyumba moja katika wilaya ya Biharamulo. Jua lilipokaribia kuchwa vijana walipanda kilimani kuutafuta mwezi, kama ilivyo desturi. Mara mmoja wao, mtoto wa miaka 13 hivi, akarudi mbio huku akihema, akasema ameuona. Mjomba wake akamsadiki papo hapo. Ami yake akakataa, akasema ni wingu. Wakabishana mpaka sauti zikapanda. Akaja mwalimu wa madrasa, mtu mpole, akamwuliza yule kijana maswali manne: Umeuona upande gani wa mahali jua lilipochwa? Ulikuwa juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Na ilikuwa saa ngapi? Kijana hakuweza kujibu hata moja kwa uhakika. Mara alisema kulia, mara kushoto. Watu wakacheka, na mmoja wao akamwita mwongo mbele ya mama yake.

Asubuhi yake nyumba mbili za ukoo mmoja, zinazotazamana katika ua mmoja, zilikuwa mbali kama nchi mbili. Upande huu watu walivaa kanzu mpya wakala pilau. Upande ule wamefunga. Bibi wa nyumba zile, mwenye watoto pande zote mbili, alifunika sahani kwa kawa, akavuka nayo ua, akasimama mlangoni kwa mwanawe, kisha akarudi nayo vile vile, kwani wajukuu wake wa upande wa pili walikuwa katika saumu.

Sisi hatusemi nani siku ile alikuwa na haki. Kufunga na kufungua kuna masheikh wake na kuna vyombo vyake, nasi si katika hao. Lililotuuma ni jingine. Tuliporudi baada ya miezi kadhaa tukauliza habari za yule kijana, tukaambiwa hapandi tena kilimani. Aliyekuwa na macho makali kuliko wote pale mtaani ameyafunga macho yake kwa haya.

Basi tukajiuliza: maradhi yalikuwa wapi? Hayakuwa machoni, maana kijana aliona kitu, hapana shaka. Huenda aliuona mwezi kweli. Huenda aliona mkia wa moshi wa ndege ya juu sana, ambao jua likisha kuchwa kwetu huku chini, huko juu bado laupiga nao hung'aa kama uzi wa fedha. Huenda aliona ukingo wa wingu. Maradhi yalikuwa katika kukosa utaratibu. Hakufundishwa namna ya kutazama, hakufundishwa namna ya kutoa habari ya alichokitazama, na waliomsikiliza hawakufundishwa namna ya kumwuliza bila ya kumvunja. Mbingu ziko wazi kwa kila mwenye macho. Lakini mazungumzo juu ya mbingu yahitaji adabu, na adabu haiji ila kwa kuzoezwa. Hapo ndipo twaona haja ya baraza.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini Ngara na Biharamulo? Elimu ya falaki si ya miji mikubwa yenye vyuo na mitambo? Twamjibu kwamba Mwenyezi Mungu amewapa watu wa wilaya hizi mahali ambapo mtazama mbingu wa Ulaya angelipa nauli kubwa ili apafikie. Ngara iko kusini ya Ikweta kwa kiasi cha digrii 2 na nusu, na Biharamulo ni karibu hivyo hivyo. Mtu aliye karibu na Ikweta huziona nyota za kaskazini na za kusini pia, katika mwaka mmoja na juu ya paa moja. Wa London hauoni kamwe Msalaba wa Kusini. Wa Cape Town hazioni nyota zote saba za Dubu Mkubwa. Mtu wa Ngara huviona vyote viwili. Huiona pia ile nyota kubwa ya Suheli, ambayo Wazungu huiita Canopus, nayo ndiyo iliyowapa mabaharia wetu wa pwani neno la suheli, yaani upande wa kusini. Tena, nje ya miji, katika miezi ya kiangazi ya Juni, Julai na Agosti, usiku wa vilima vile ni mweusi na safi, na ile njia nyeupe ya nyota huonekana kuvuka mbingu kutoka upeo hadi upeo.

Lakini si uzuri tu. Kuna manufaa yanayoingia katika ibada na katika mambo ya kila siku, nayo twataka tuyaeleze kwa hesabu ili msidhani twapiga porojo.

La kwanza ni saa. Saa zetu za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudi ya digrii 45 mashariki, na Ngara iko karibu na digrii 30 na dakika 39. Dunia huzunguka digrii 1 kwa kila dakika 4 za saa. Kwa hiyo jua la Ngara limechelewa nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 57 hivi. Saa ikionyesha saa 6 kamili mchana, jua la Ngara bado halijafika katikati ya mbingu. Hufika, kwa wastani, saa 7 kasoro dakika 3. Ukilinganisha Ngara na Dar es Salaam, Ngara huwa nyuma kwa dakika 34 au 35, na Biharamulo kwa dakika 32 hivi. Kuchwa kwa jua hubadilika zaidi kwa sababu ya majira: tofauti ya magharibi baina ya Dar es Salaam na Ngara hupungua hata dakika 27 hivi mwezi wa Desemba, na huzidi hata dakika 42 hivi mwezi wa Juni. Fikirini basi msafiri aliyefika Ngara juzi, mfukoni ana jedwali la saumu la Dar es Salaam, au amesikia redioni adhana ya huko akanyosha mkono kwenye tende. Jua la Ngara bado liko juu ya vilima, naye amekwisha kufuturu! Wenyeji wanayajua hayo kwa macho. Lakini kujua kwa macho na kuweza kumweleza mgeni sababu yake kwa hesabu ni mambo mawili, na hili la pili ndilo elimu.

La pili ni kibla. Watu wa pwani wamezoea kusema "kibla" wakimaanisha upande wa kaskazini, nao hawakukosea sana, kwani Makka iko karibu kaskazini kabisa ya pwani yetu. Neno hilo likaja bara pamoja na dini na biashara. Lakini bara si pwani. Kutoka Ngara, kibla si kaskazini moja kwa moja. Kimeinama upande wa mashariki kwa digrii 20 hivi, na kutoka Biharamulo digrii 19 hivi. Nyosha mkono wako mbele, ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo, mbele ya jicho lako, ni kama digrii 10. Kwa hiyo mtu wa Ngara akishaijua kaskazini yake ya kweli, na apime ngumi mbili kuelekea mashariki.

Asiyetaka kupima kwa ngumi, mbingu zenyewe zitampimia. Kila mwaka mara mbili jua husimama sawasawa juu ya Al-Kaaba: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa za Makka na saa zetu ni moja, basi hapana haja ya kuongeza wala kupunguza. Dakika hiyo, simamisha mti ulionyoka mahali tambarare. Kwa Ngara, mti wa mita 1 utatoa kivuli cha nusu mita kasoro kidogo. Kutoka ncha ya kivuli kwenda shina la mti, huko ndiko kibla. Hapana dira, hapana fundi, hapana gharama. Ni vijana wangapi wa madrasa wamekwisha kulifanya jambo hili? Na ingekuwaje kama siku hiyo moja vijana wa Ngara, wa Rulenge, wa Biharamulo mjini na wa vijijini wangesimamisha miti yao kwa dakika ile ile moja, kisha wakakutana kulinganisha?

La tatu ni mwezi wenyewe. Kutoka mwezi kukutana na jua mpaka kukutana nalo tena, kwa wastani, ni siku 29, saa 12 na dakika 44. Ndiyo maana mwezi wetu ukawa mara una siku 29, mara 30. Siku ya kuandama, mwezi huwa karibu na jua. Ukiwa karibu mno, chini ya digrii 7 hivi, hauonekani kwa macho hata kama mbingu ni safi kama kioo. Hapa kwetu karibu na Ikweta mwezi mchanga huandama umelala kama mashua, pembe zake zikielekea juu, na kuinama kidogo kaskazini au kusini kwa kadiri ya majira. Hauwi mbali na mahali jua lilipochwa. Nao hushuka upesi: kwa kuwa mbingu huzunguka digrii 15 kwa saa moja, mwezi ulio juu ya upeo kwa kiasi cha ngumi moja wakati jua linapochwa utazama baada ya dakika 40 hivi. Basi mtu akija saa nyingi baada ya magharibi akasema ameuona mwezi mchanga sana ukiwa juu, au ameuona upande wa kusini kabisa ilhali jua limechwa kaskazini ya magharibi, hapana haja ya kumwita mwongo. Aulizwe kwa upole, naye mwenyewe atatambua kuwa alichokiona ni kitu kingine.

Haya si mageni katika umma wetu. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na mtu aliyeitwa muwakkiti, kazi yake kuchunguza nyakati za sala kwa jua na nyota. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, alikuwa muwakkiti wa msikiti mkuu wa Dameski, na hesabu zake za mwendo wa mwezi zingali zinasomwa na wanavyuoni wa historia ya falaki. Abdurrahman as-Sufi, katika karne ya 10, alizichungua nyota moja moja, akaandika mahali pake na mwangaza wake, na katika kitabu chake akataja kile kiwingu kidogo ambacho leo twajua ni kundi zima la nyota lililo nje ya kundi letu, liitwalo Andromeda. Alikiona kwa macho matupu. Ulugh Beg wa Samarkand alikuwa mtawala, lakini akajenga nyumba ya kutazamia nyota, na jedwali lake la mwaka 1437 lina nyota zaidi ya 1,000. Hata leo Mzungu akitaja Aldebaran, Altair au Fomalhaut, anasema Kiarabu bila ya kujua.

Wala msidhani kwamba kazi hii ni ya wenye shahada peke yao. William Herschel alikuwa mwanamuziki aliyejitengenezea darubini nyumbani, na mwaka 1781 akaigundua sayari ya Uranus. Mwaka 1890 watazamaji wa kujitolea wa Uingereza walifanya chama chao; mwaka 1911 wa Marekani wakafanya chama cha kuchunguza nyota zinazobadilika mwangaza; na mwaka 1922 kikaanzishwa cha Kusini mwa Afrika. Vyama hivyo vyote vitatu viko mpaka leo. Siri yao si darubini kubwa. Siri yao ni kwamba mtu mmoja huandika alichokiona, mwingine hukipima, na wa tatu hukitunza.

Na katika nchi zetu? Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa, na kule Rujewa, wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya, watu wakakusanyika kuliona likiwa kama pete ya moto, huku sehemu nyingine za nchi zikaliona limemeguka. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania alikuwa miongoni mwa waliowaeleza wananchi jambo lile na namna ya kulitazama bila ya kuyadhuru macho. Kenya, Bibi Susan Murabana na mwenzake wamekuwa wakizunguka na darubini mashuleni ili watoto wapate kuona wenyewe. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, ukawa mwekundu juu ya Afrika Mashariki nzima tangu saa 2 na nusu usiku kwa muda wa dakika 82. Je, ni wangapi Ngara na Biharamulo walioandika waliloliona usiku ule? Na hesabu zaonyesha kwamba tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita juu ya Makka yenyewe, mchana uwe kama usiku kwa dakika 5 hivi.

Sasa tuje kwenye baraza lenyewe.

Lianze kwa watu wachache: watano, saba, kumi. Wachague mahali pamoja pa wazi, uwanja wa shule au wa msikiti, na usiku mmoja katika kila mwezi, usiku usio na mwezi mkubwa. Wachague msimamizi. Msimamizi si lazima awe msomi kuliko wote. Yatosha awe mtu asiyeghadhibika upesi, asiyeona haya kusema "sijui", na ambaye wakubwa na wadogo humstahi. Kazi yake si kuhutubu. Kazi yake ni kumpa kila mtu zamu yake, kumzuia anayemkatiza mwenziwe, kuyarudisha mazungumzo yakipotea, na kuwazuia watu wasieneze habari ambayo haijapimwa. Baraza lisilo na msimamizi, mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki; na mwenye macho mazuri akiwa na sauti ndogo, hupotea.

Kanuni zisiwe nyingi. Sisi twapendekeza sita.

Kanuni ya kwanza: sema ulichokiona kabla ya kusema ni nini. "Nimeona nuru nyeupe, imekwenda polepole kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa dakika 4." Hiyo ni habari. "Nimeona kitu cha ajabu cha adui!" Hiyo ni dhana. Tangu mwaka 2019 kampuni ya SpaceX imekuwa ikirusha vyombo vingi vya Starlink angani, navyo mara nyingine huonekana vikifuatana kama shanga katika uzi. Watu wengi wametishika kwa kuwa walianza na dhana.

Kanuni ya pili: kila habari iandikwe daftarini, pamoja na tarehe, saa, mahali, upande, na urefu juu ya upeo kwa ngumi na vidole. Neno lisiloandikwa huota mbawa.

Kanuni ya tatu: aliyekosea asichekwe. Asahihishwe, na kosa lake liandikwe pia, kwani wengine watajifunza kwalo. Anayemcheka mwenziwe na akae kando usiku ule.

Kanuni ya nne: falaki isichanganywe na utabiri. Kusema kwamba Mushtarii itaonekana mashariki saa fulani ni hesabu. Kusema kwamba Mushtarii itamletea fulani mali au maradhi si hesabu, ni upuuzi, na dini imelikataza. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alipofiwa na mwanawe Ibrahimu na jua likapatwa siku hiyo, watu walidhani limepatwa kwa msiba ule, naye akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Hapana mtu ambaye uvumi ule ungempa heshima kuliko yeye mwenyewe, naye ndiye aliyeuzima.

Kanuni ya tano: baraza halitangazi mfungo wala Idi. Litatoa ushahidi wake kwa wenye mamlaka ya dini: nani ameona, wapi, saa ngapi, mwezi ulikuwaje, na mbingu zilikuwaje. Uamuzi ni wao. Tena baraza lenye kuchukua dini kuwa silaha ya kubishania halitadumu hata miezi mitatu.

Kanuni ya sita ni ya usalama. Mtu asilitazame jua kwa darubini yoyote wala kwa macho matupu, hata likiwa limemeguka, kwani jicho huungua bila ya kuhisi maumivu. Watoto waje na ruhusa ya wazazi wao, na pawepo watu wazima. Mabinti nao wasiachwe nyumbani. Waje pamoja na mama zao au kaka zao, wapewe zamu na daftari kama wenzao, maana mbingu hazikuumbwa kwa wanaume peke yao.

Vyombo je? Mwaka wa kwanza macho yatosha, na kamba, na mti, na saa iliyo sahihi. Mwenye darubini ndogo ya kushika mkononi ataona miezi minne mikubwa ya Mushtarii kama chembe za nuru pembeni mwake, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Aiegemeze ukutani tu isitetemeke. Mwezi wa Novemba, mbingu zikiwa zimetakata baina ya mvua na mvua, wazitafute nyota za Kilimia zikichomoza mashariki jioni. Jina lake latoka katika kulima, kwani wazee waliipima misimu ya shamba kwazo. Wazee wa Ngara na Biharamulo waulizwe nao majina ya nyota katika lugha zao, na majina hayo yaandikwe daftarini kabla wenyewe hawajaondoka nayo.

Wako watakaosema kuwa vijana watapoteza wakati. Twawaomba watazame wakati huo wanaupoteza wapi hivi sasa. Wako watakaosema kwamba mambo ya nyota ni ya Wazungu. Hao tumekwisha kuwajibu. Na wako watakaosema: Mwenyezi Mungu amekwisha kuziumba, yatosha kusema Subhanallah. Naam, na aseme. Lakini katika Sura ya Yunus, aya ya 5, tumefundishwa kwamba mwezi umewekewa vituo ili tujue idadi ya miaka na hesabu. Asiyehesabu atazijuaje?

Tumalizie kwa yule kijana. Tulipoanza kuyaandika haya tulimpelekea habari mwalimu wake wa madrasa, yule wa maswali manne. Akatujibu kwamba amenunua daftari kubwa, amewaita wazee wawili wa zile nyumba mbili waketi mkeka mmoja, na amemwomba kijana awe mwandishi wa baraza. Kijana alikataa mara mbili. Mara ya tatu bibi yake ndiye aliyemshika mkono akampandisha kilimani. Ukurasa wa kwanza wa daftari lile, kwa hati ya kitoto, una tarehe, saa, upande na urefu kwa ngumi, na chini yake maneno haya: "Nimeona kitu cheupe. Sijui ni nini." Wazee wote wawili wametia sahihi zao.

Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, na ninyi nyote mlio mahali pengine msomao safu hii, usiku wa leo tokeni nje na watoto wenu. Tazameni, ulizaneni kwa upole, andikeni. Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa na azipatanishe nyumba zetu. Amin.